Tiketi ya Mama na Msitu wa Scotland

Jumanne moja ya mwezi wa saba, tukinywa chai, mama yangu aliweka kikombe chini akaniambia, "Zahra, nikatie tiketi. Narudi Isiolo. Ya kwenda tu."

Nilidhani ni maneno ya asubuhi. Mama huamka na lake, likapita. Lakini adhuhuri alilirudia, na usiku akalirudia tena mbele ya binti yangu Nasra, nikajua hapa kuna kazi. Mama ana miaka sabini na moja. Tunaishi naye Small Heath, Birmingham, ghorofa ya tatu, mwaka wa tano sasa. Kule Isiolo, dada yake aliyekuwa akikaa naye ameshafariki, nyumba ina wapangaji, na yeye mwenyewe anameza dawa za presha asubuhi na jioni. Nani atamwangalia? Akianguka bafuni, nani atasikia? Nilimwambia yote hayo, tena kwa sauti ya juu kuliko inavyofaa kumwambia mzazi. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Umemaliza?" akauliza. "Basi nikatie."

"Kwani hapa nini kimekukosesha raha, Mama?"

"Hapa nimekaa tu. Nimekaa mpaka nimechoka kukaa."

Mimi nikaelewa nilivyoelewa: kuta zimemchosha, hewa hana. Mama alizaliwa kwenye boma la ngamia kaskazini ya Isiolo, na mpaka alipoolewa kazi yake ilikuwa kuvunja nyumba ya vijiti na mikeka, kuipakia ngamia, na kuisimamisha upya mbele ya safari. Mtu kama huyo utamfungia ghorofani? Basi nikakumbuka maneno ya mwenzangu wa kazini. Mimi naendesha basi dogo la kupeleka shule watoto wenye ulemavu, na mwenzangu huyo kila kiangazi huenda Scotland na mkewe kulala msituni. Huku kwetu England huwezi kupiga hema popote unapotaka, lakini kule sheria inakuruhusu, mradi uwe na adabu: usiharibu, usikae muda mrefu, uondoke na takataka zako. Wenye magari ya kulala nao wana maegesho yao ndani ya msitu wa serikali, kwa pesa kidogo sana. Hakuna mapokezi, hakuna ufunguo. Ni wewe na miti.

Nikamwambia Mama, "Nipe siku nne. Tukirudi na bado unataka kwenda, nitakukatia tiketi mwenyewe, na sitasema neno."

"Yaani watu wa hapa wana nyumba, halafu wanaziacha waende kulala porini? Kwa hiari yao?"

"Na wanafurahi."

"Haya," akasema. "Hilo nataka kulishuhudia."

Ijumaa, shule zikiwa zimefungwa, saa moja asubuhi tulikuwa Handsworth kwa mzee Balbir, mzaliwa wa Kisumu, mwenye gari la kulala la zamani analolipenda kuliko wanawe. Aliwahi kuniahidi kuniazima, nami nikaishikilia ahadi. Ndani mna kitanda, jiko la gesi, tangi la maji na choo cha boksi. Akanionyesha klachi kama mtu anayekabidhi mtoto mchanga.

"Iguse polepole, mama. Polepole!"

"Mzee, mimi ni dereva wa basi."

"Ndiyo maana naogopa," akasema, kisha akatazama mizigo yangu na kushika kilemba. "Kwani mnahamia?"

Nakiri nilizidisha. Nilibeba jiko la makaa na gunia la makaa, sufuria tatu, mchele, nyama ya mbuzi iliyokwisha kukaangwa, mandazi ya kulisha harusi, mablanketi, hema dogo nililoazima kazini, na turubai ambalo mzee Balbir alitutupia mwishoni, ati huwezi kujua. Nasra, ambaye ana miaka kumi na mitano na anaelewa Kiswahili chote lakini hujibu kwa Kiingereza, alibeba simu na chaja tatu. Mama alibeba mkeka, birika na kamba mbili za katani. Basi.

Njia ya kwenda kaskazini ni moja na ni ndefu. Mimi nilikuwa nimechangamka kupita kiasi, naimba, napigia honi malori. Saa saba tukasimama kwenye kituo cha mapumziko, Mama akatandika mkeka kwenye kipande cha majani kando ya malori, tukasali na kula mandazi na nyama huku watu wakitupita na vikombe vyao vya kahawa. Tuliporudi barabarani, vilima vikaanza kuinuka huku na huku, vya kijani mpaka macho yanauma.

Saa tisa kasoro tukakaribia Scotland. Nasra alipiga ukelele, nami nikageuka nimwonyeshe Mama lile bango la kutukaribisha. Nikamkuta amekaa wima, pochi iko mapajani, kitambulisho mkononi.

"Mama, hicho cha nini?"

"Si umesema tunavuka mpaka?"

Jamani! Mtu aliyekulia kaskazini ya Kenya hafiki kwenye mpaka mikono mitupu. Nikamwambia hakuna kizuizi, hakuna askari, tumeshapita. Akageuka kutazama nyuma, kisha mbele, kisha nyuma tena. Kitambulisho hakukirudisha mpaka tulipokwenda maili kumi.

Saa kumi na moja jioni tuliingia msituni. Ee Mola wangu, ile miti! Misonobari mirefu imesimama bega kwa bega, chini yake kuvumwani, yale majani mafupi ya penye unyevu, laini kama godoro, na kijito kinapiga kelele peke yake bila mtu wa kukisikiliza. Maegesho yalikuwa uwanja wa changarawe, na sisi ndio tuliokuwa peke yetu. Nikazima gari, nikafungua mlango, nikapiga kigelegele. Wallahi nilipiga.

Mama hakushuka.

"Mwenyeji yuko wapi?" akauliza.

"Hakuna mwenyeji. Ni msitu wa serikali. Nimeshalipa kwa simu."

"Serikali inalala wapi? Zahra, sisi si wezi. Hatulali kwenye ardhi ya watu bila kupiga hodi."

Nikabishana naye, na jua lilikuwa bado liko juu, kwa hiyo nilikuwa na nafasi ya kutosha ya kubishana. Nikamwonyesha risiti kwenye simu. Akaniambia simu haina mikono ya kupokea salamu. Nilikuwa na njaa, mgongo unaniuma kwa kuendesha, nikafunga mlango wa gari kwa kishindo ambacho mzee Balbir angekisikia Handsworth. Mwisho nikawasha gari, tukatafuta mtu wa kumbishia hodi.

Ukingoni mwa msitu palikuwa na nyumba ya mawe, na uani mwanamke wa makamo, mabuti ya mpira miguuni, mbwa ubavuni. Mimi nilitaka ardhi ipasuke nizame. Nitamwambia nini? Mama alishuka na chupa ya chai mkono mmoja na mandazi ndani ya kitambaa mkono wa pili, akasimama mbali kidogo kwa sababu ya mbwa, akaita, "Hodi, wenyewe!"

Yule mwanamke akatutazama, akamfunga mbwa bila kuambiwa, akaja. Jina lake Moira. Nikamweleza, huku uso unaniwaka, kwamba mama yangu hawezi kulala hapa kabla ya kumsalimia mwenyeji. Moira akasema msitu si wake, yeye ana kondoo tu na malisho ya upande ule. Nikatafsiri.

"Mwenye mifugo ndiye mwenyeji," Mama akasema. "Mwambie tutakaa siku tatu, tuko wanawake watatu, na hatuna ubaya."

Moira akacheka na kuchukua andazi. Akasema ameishi hapo maisha yake yote, kila kiangazi watu wanapita, na hakuna hata mmoja aliyewahi kugonga mlango isipokuwa gari limekwama. Nasra akauliza kondoo ni wangapi, nami kwa mazoea nikatafsiri. Mama akamfinya mkono.

"Mfugaji haulizwi idadi," akamnong'oneza. Nasra hakusahau, maana alama ilikaa mpaka Jumapili.

Moira akatuambia mambo matatu: tusikate mti ulio hai, vijiti vilivyoanguka ni halali yetu; jiko letu la makaa, ambalo alilitazama kwa mshangao mkubwa, likae juu ya changarawe tu, kwa sababu udongo wa kule huweza kushika moto chini kwa chini; na tujihadhari na vijidudu vya jioni. Hilo la tatu tulilielewa nusu saa baadaye. Ni vidogo kuliko punje ya ufuta, na vinauma utafikiri vimetumwa. Nasra alikimbilia garini akilia. Mama akatoa ubani pochini, akautupa kwenye makaa, moshi ukatanda, vikarudi nyuma. Tukala wali wetu tumekaa katikati ya moshi, macho yanatoka machozi, tunacheka.

Jumamosi asubuhi Mama alisema usiku ule amelala garini, na gari si nyumba. Nikafurahi, ndio tunaingia kwenye shughuli yenyewe! Nikabeba hema langu, nikatafuta mahali pazuri, nikapata: kibonde chenye majani laini, kijito hatua kumi, maua ya zambarau kando. Nikaanza kugonga vigingi.

Mama alikuja, akasimama, akatazama chini.

"Hapa ni njia ya maji," akasema.

"Maji yako kule, Mama. Yana mahali pake."

"Tazama majani yamelala upande gani. Tazama vile vijiti vilivyonasa kichakani. Vilipandaje huko, viliruka?"

Mimi sasa nilikuwa nimechoka kusahihishwa. Tangu jana nimesahihishwa. Nikamwambia hii si Isiolo, hapa mito haiji kwa kishindo, na tena nimesoma hali ya hewa. Akasema sawa. Mama akisema sawa namna ile, ujue ameshakuacha na akili zako.

Akachukua turubai la mzee Balbir, kamba zake za katani na mkeka, akapanda mwinuko wa nyuma. Akamwita Nasra. Nilijifanya nashughulika na hema, lakini jicho lilikuwa kule. Mama alikuwa akichagua vijiti vilivyoanguka kimoja kimoja, akivipinda kupima kama vina uhai ndani, akivitupa vibovu. Nasra anashika, Mama anafunga. Shika hapa. Vuta. Legeza. Wewe, vuta nimesema! Mwanamke ambaye nyumbani simwachii abebe hata mfuko wa maziwa alikuwa amepiga magoti, kamba iko menoni, anakunja mti. Nilitaka kupiga kelele, Mama, magoti yako, presha yako! Lakini sauti yake ilinizuia. Miaka mitano sikuwa nimeisikia ile sauti ya kuamrisha.

Kufika adhuhuri ilisimama nyumba. Duara, chini, turubai limekaza mpaka unaweza kulipiga kama ngoma, mlango umeupa upepo mgongo, na mkeka ndani. Nasra akatoka humo kichwa kwanza, nywele zimejaa majani, akaniita.

"Mama! Njoo uone! Nimefunga hii mimi!"

Kwa Kiswahili. Nikasimama pale na nyundo yangu.

Nilijua kabisa nilipaswa kuhamisha hema langu. Ukaidi ukanizuia. Nikalala kibondeni.

Jumapili alfajiri niliamka kwa sababu godoro linatembea. Mvua ilikuwa imenyesha milimani, wala si kwetu, na kijito kilikuwa kimekuja kunitembelea. Nikatoka kwa magoti, blanketi limebeba maji, kiatu kimoja nakiona kinakwenda zake kwa mwendo wa heshima. Nikapanda mwinuko nikitetemeka. Mama alikuwa mlangoni kwake, amekwisha sali, birika iko kwenye jiko kule kwenye changarawe. Akanitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye mguu usio na kiatu.

Akacheka. Si kicheko cha adabu. Alicheka mpaka akashika kijiti cha nyumba yake, mpaka akajifuta machozi kwa mtandio, na Nasra akatoka naye akacheka, na mimi, baada ya kununa kidogo, nikacheka zaidi yao. Mama akanivua nguo za maji kama mtoto, akanivika shuka lake, akaenda kuleta birika, akanipa chai. Nikanyoosha mkono kupokea birika nimmiminie na yeye, kwa mazoea.

Akauondoa mkono wangu. "Kaa," akasema. "Leo wewe ndiye mgeni wangu."

Nikakaa. Hapo ndipo nilipoanza kuona. Nyumbani, Mama akishika ufagio, nauchukua. Akisimama kuosha kikombe, namwambia kaa, Mama, pumzika. Akitaka kupika, nasema nitapika nikitoka kazini. Miaka mitano namwambia kaa. Na alikuwa ameniambia mwenyewe, kwa lugha safi kabisa, kwamba amechoka kukaa, nami nikakimbilia kutafuta hewa.

Saa nne Moira alikuja kutuangalia kwa sababu ya maji. Alipoiona nyumba ya Mama aliizunguka mara mbili, akagusa mafundo, akaingia bila kuambiwa, akakaa mkekani. Nikatafsiri mpaka koo likakauka. Waliongea habari za malisho, mbweha, na wana wasiotaka mifugo. Kisha Moira akataja kondoo wake mmoja anayechechemea, na Mama akauliza, "Kwato umeitazama ndani?"

Twende basi! Nusu saa baadaye Mama alikuwa zizini, amekunja mikono ya nguo, amembana kondoo kati ya magoti, na Moira anakata kwato anapoonyeshwa. Mimi nasimama kando natafsiri, ingawa baada ya muda hawakunihitaji tena. Mmoja anasema chake, wa pili anasema chake, kondoo anakubali. Walipomaliza, Moira akasema mwezi wa kumi msitu hubadilika rangi, kama moto usiounguza, na ndio wakati wa kuwakagua kondoo wote kwato kabla ya baridi. Nikatafsiri. Mama akasikiliza, akanawa mikono.

Jumatatu, saa tatu, tulivunja nyumba. Mama alirudisha kila kijiti mahali pa vijiti, akafukia tulipokanyaga, akaokota hata punje za wali. Ungepita hapo usingejua kama kulilaliwa. Tukapiga hodi kwa Moira kuaga, akatupa maziwa na jozi ya mabuti ya mpira, kwa sababu mimi nilikuwa nasafiri na kiatu kimoja.

Njiani Mama hakusema lolote kuhusu tiketi. Mimi nilikuwa nimeahidi sitasema neno, na kwangu mimi hiyo ni adhabu. Maili baada ya maili nilingojea. Alizungumza juu ya kondoo, juu ya kamba zake, juu ya hema langu, hapo akacheka tena. Nilipoiona Birmingham, moyo ukawa mzito. Nilijiambia, amefurahi, sawa, lakini nimemkumbusha kwao. Nimempeleka Scotland kumwonyesha njia ya Isiolo. Tukaliosha gari, tukamrudishia mzee Balbir, akakagua klachi, akashukuru Mungu.

Jumanne asubuhi niliamka nikamkuta Mama jikoni anakanda unga. Mkono wangu ukaenda wenyewe. Nikaurudisha, nikakaa mezani, nikasema, "Mama, niongezee chai." Akaniongezea.

Kisha akavaa mtandio wa kutokea. "Haya, twende kwa yule wa tiketi."

Sikusema neno. Tulitembea Coventry Road, yeye mbele, mimi na mabuti ya Moira nyuma, maana viatu vingine nilivisahau kwa mawazo. Duka la tiketi ni dogo, na kijana wa mezani anamjua. Akamkaribisha kiti. Mama akakikataa.

"Nairobi," akasema. "Wiki hii. Nina wapangaji wa kugombana nao, na kaburi la dada yangu sijaliona."

"Ya kwenda tu, Mama?"

Nikatazama ukutani. Palikuwa na picha ya ndege, na sikuiona vizuri kwa machozi.

"Kwani nani amekwambia ya kwenda tu? Na kurudi."

"Kurudi tarehe ngapi?"

Mama akanigeukia, akanigusa mkono.

"Mpigie Balbir," akasema. "Muulize lile gari mwezi wa kumi lina nafasi lini."